Msamiati wa Mwanzo wa Kompyuta na Mtandao katika Kiswahili

Mtu aingiapo kwa mara ya kwanza katika chumba chenye kompyuta hukutana na mambo mawili mageni kwa pamoja: chombo chenyewe, na maneno ya kukitajia. Chombo huzoeleka upesi kuliko tunavyodhani, kwani mkono wa binadamu hujifunza haraka. Maneno ndiyo huchelewa. Makala haya yanakusudia kuyaangalia yale maneno machache ambayo mwanafunzi wa mwanzo hana budi kuyajua kabla hajaweza kufanya lolote, na kupima jinsi yalivyoundwa, jinsi yanavyopatana na sarufi ya Kiswahili, na jinsi yanavyomwongoza au kumpotosha yule anayeyatumia. Hatukusudii kuleta orodha nyingine ya istilahi. Orodha zipo tangu zamani, na nyingine ni ndefu mno.

Kwa miezi kadhaa mwandishi alijitolea kuwafundisha watu wazima matumizi ya kompyuta kila Jumamosi alasiri katika ukumbi mmoja wa jamii jijini Nairobi. Wanafunzi walikuwa wachuuzi wa sokoni, wazee waliostaafu, na akina mama wawili watatu ambao watoto wao wako ughaibuni. Lugha ya mafunzo ilikuwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo pekee iliyowaunganisha wote. Mifano mingi itakayofuata imetoka huko, na msomaji aichukue kuwa ni ushahidi wa darasa moja tu.

Jambo lenyewe si la kitaaluma tu. Tangu mwaka 2023 maelfu ya huduma za serikali ya Kenya yamehamishiwa kwenye mtandao wa eCitizen, hata mwananchi atakaye pasipoti au cheti cha kuzaliwa huelekezwa huko. Asiyeweza kuyasoma maagizo yaliyo mbele yake humwendea kijana wa saiba, akamkabidhi kitambulisho, nambari ya simu na siri zake zote, na kumlipa juu ya hayo. Katiba ya mwaka 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Basi swali la kuwa mwananchi huyo atakiita nini kila kitu akionacho ni swali la haki yake pia.

Jina la chombo

Ugomvi mkongwe kuliko yote ni ule wa jina la chombo chenyewe. Yapo majina matatu: kompyuta, ngamizi na tarakilishi. La kwanza limetoholewa kutoka Kiingereza. Ngamizi lilisikika zaidi upande wa Tanzania, nalo tarakilishi likapata makao Kenya, hasa shuleni. Tarakilishi hufafanuliwa mara nyingi kuwa ni mwungano wa tarakimu na akili, yaani chombo chenye akili ya kushughulikia tarakimu. Ufafanuzi huo unapendeza, na una ukweli ndani yake, kwani kila kiingiacho katika kompyuta, kiwe barua, picha au wimbo, hugeuzwa kuwa mfuatano wa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Hata hivyo neno halihukumiwi kwa uzuri wa maelezo yake. Nimelisikia tarakilishi kwa watangazaji na nimelisoma katika insha nyingi za wanafunzi. Sijapata kulisikia kinywani mwa fundi aliyeinamia chombo kilichoharibika.

Miaka michache iliyopita niliona insha ya mwanafunzi mmoja wa shule ya upili. Alikuwa ameandika kompyuta, kalamu nyekundu ikalipigia neno hilo mstari, na pembeni pakaandikwa tarakilishi, alama ikakatwa. Mwanafunzi hakuwa amekosea. Kamusi ya Kiswahili Sanifu inalo neno kompyuta, na Waswahili wanalitumia. Aliyemsahihisha aliongozwa, nadhani, na imani kwamba neno la kukopa ni neno la aibu. Lakini ikiwa ndivyo, ilimpasa pia kulikata neno meza, ambalo ni la Wareno, dirisha la Waajemi, kitabu la Waarabu, na hata shule, ambalo tulilipata kwa Wajerumani. Kwa kweli angebaki na insha fupi sana.

Hatusemi kwamba uundaji wa maneno kutoka ndani ya lugha ni kazi bure. Utaratibu ambao waundaji wa istilahi wa Tanzania wameufuata kwa muda mrefu, wa kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na mwisho katika lugha za kigeni, umetupa maneno ambayo leo hatuwezi kuishi bila hayo. Neno ngeli, ambalo kila mwanasarufi hulitumia, linasemwa kuwa lilitoka Kihaya, na kitivo kilitoka Kipare. Lakini tuangalie maneno hayo yalishika wapi. Yalishika vyuoni, ambako mwalimu aliyasema na mwanafunzi hakuwa na la kufanya ila kuyarudia. Kompyuta haikuingia kwa mlango wa chuo peke yake. Iliingia kwa maduka, kwa ofisi, kwa saiba, na baadaye kwa simu, na katika sehemu hizo hakuna mwalimu wa kukata alama. Neno likichelewa kufika hukuta jingine limekwisha kukaa.

Kwa hiyo tumeamua kusema kompyuta katika makala haya, na atakaye tarakilishi hatutamgombeza.

Kipanya amekufa, kipanya kimekufa

Kati ya vifaa, kile ambacho mkono hukishika kutembeza kishale juu ya kiwambo ndicho chenye somo kubwa kwa mwanaisimu. Kiingereza kilikiita kwa jina la panya, kwa umbo lake na ule waya wake uliofanana na mkia. Kiswahili kimekifuata, ila kwa njia mbili: kipanya, na puku, ambaye ni namna ya panya. Huenda msomaji akaona kwamba hitilafu kati ya mawili haya ni ndogo. Sivyo, kwani upatanisho wa kisarufi unafanya kazi tofauti katika kila moja.

Kipanya kikiwa mnyama, Kiswahili sanifu humtaka apatanishwe kama viumbe vingine vyenye uhai: kipanya huyu amekufa. Kikiwa kifaa, hurudi katika ngeli ya KI-VI: kipanya hiki kimekufa. Neno ni moja, lakini sentensi haiwezi kumchanganya msikilizaji, kwa maana kiambishi cha kitenzi kimekwisha kumwambia ni kipi kinachosemwa. Kiingereza hakina uwezo huu. Msemaji wake lazima ategemee muktadha. Neno puku nalo lina upatanisho huo huo, puku huyu na puku hii, lakini linakosa ile ki- ya udogo ambayo hata mtoto huitambua, tena wengi wa wasemaji wa bara hawamjui puku kabisa. Darasani kipanya lilishika siku ya kwanza. Sikulazimika kulieleza, mama mmoja alikishika, akacheka, akasema kipanya chake hakina meno.

Jambo kama hili, ila kwa upande wa pili, limetokea katika virusi. Neno hili lilipoingia katika Kiswahili lilikuja na vi- mwanzoni, nayo masikio ya Mswahili yakaisikia vi- hiyo kuwa ni kiambishi cha wingi. Matokeo yake ni umoja ambao haukuwako katika lugha lilikotoka: kirusi kimoja, virusi viwili. Wapo wanaocheka jambo hili. Wasicheke, kwa sababu ndivyo tulivyokifanya kitabu, ambacho ki- yake ilikuwa sehemu ya mzizi wa Kiarabu, nasi tukazaa vitabu. Na ndivyo madereva wa Tanzania walivyofanya waliposikia amri ya Kiingereza ya kushika upande wa kushoto, wakapata kiplefti kimoja barabarani, na vingi vikawa viplefti. Hii ni lugha inayojua kusaga. Taabu ni moja tu, kwamba Kirusi ni pia lugha ya Warusi, na mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa dhati kama Warusi ndio walioleta hayo maradhi ya kompyuta.

Neno faili halijaamua likae wapi. Watu wa maofisini wamelizoea tangu enzi za makaratasi, wengine wakisema faili hii na faili hizi, wengine faili hili na mafaili haya. Sioni haja ya kuwalazimisha. Folda imepewa pia jina la kabrasha, ambalo wajumbe wa mikutano walilijua kuwa ule mkoba wa nyaraka wagawiwao mlangoni, na ni jina zuri.

Kioo cha kompyuta tunakiita skrini au kiwambo. Skrini ni neno la kukopa, nalo limeleta kundi la konsonanti ambalo Kiswahili cha kale kisingelistahimili. Zamani tungeliingiza irabu katikati, kama tulivyofanya tulipopata burashi na buluu. Siku hizi masikio yamelegea, hata brashi na bluu hazimshtui mtu, na hivyo ndivyo programu na diski zilivyopita bila kuvuliwa viatu. Kiwambo ni neno la nyumbani. Latokana na kuwamba, kama mtu awambavyo ngozi juu ya ngoma au kitanda kwa ukambaa. Mwenye kumwona fundi ngoma akifanya kazi atakubali kwamba neno limefaa: kitu bapa, kilichotandazwa kikakazwa, ambacho juu yake jambo hutokea.

Vilevile kicharazio, mahali pa kibodi, kinatokana na kucharaza, na mtu hucharaza kinanda, hucharaza bao, hucharaza hata viboko. Nilipendelea neno hili, lakini darasa lilinishinda. Wote walisema kibodi. Waliunda pia baobonye, kwa kuunga bao na kubonyeza. Hilo sikuwahi kulisikia nje ya orodha.

Vitenzi

Majina huvutia macho ya waundaji wa istilahi, lakini mwanafunzi wa mwanzo anaishi kwa vitenzi. Kila somo ni amri: washa, bofya, andika, hifadhi, funga. Hapa ndipo Kiswahili kimeonyesha utajiri wake, na hapa pia ndipo makosa yanapoleta hasara ya kweli.

Tuanze na kuwasha. Taa iliwashwa kwa moto kabla ya umeme kufika, na umeme ulipofika kitenzi hakikubadilika. Mtu aliwasha taa na kuizima. Kutoka hapo hadi kuwasha redio na kompyuta ni hatua moja. Lakini katika sehemu nyingi za Kenya watu husema kufungua stima na kufunga stima, na hivyo hufungua kompyuta. Fundi akiambiwa afungue kompyuta huchukua bisibisi. Niliwahi kumkuta mwanafunzi mmoja, mtu mtiifu, akitafuta parafujo nyuma ya chombo kwa kuwa nilimwambia akifungue.

Kitenzi ambacho kimenipendeza kuliko vyote ni kubofya. Zamani mtu alibofya tunda: alilibonyeza kidogo kwa ncha ya kidole apate kujua kama limeiva. Waundaji wa istilahi wakakichukua kwa lile tendo la kugusa kitufe cha kipanya kwa mguso mwepesi na kuachilia. Tazama sasa faida yake. Nilipotumia kitenzi bonyeza, wanafunzi walibonyeza kwa nguvu wakashikilia, na kompyuta, kwa jinsi ilivyotengenezwa, huelewa kushikilia huko kuwa ni amri ya kukokota kitu kukihamisha mahali pake. Picha na majalada yao yakawa yanatembea ovyo. Nilipowaambia wabofye, mama mmoja auzaye maparachichi alifahamu papo hapo na akawafundisha wenziwe: ukilibonyeza tunda la watu kwa nguvu utalinunua. Kuanzia siku hiyo vitu havikutembea tena. Sijui neno jingine la kompyuta, katika lugha yoyote niijuayo, ambalo lina mafunzo ya matumizi ndani yake kiasi hicho.

Si kila mara tumekuwa na bahati hiyo. Tuchukue jozi ya kupakia na kupakua, ambayo imeenea mno na haina dalili ya kuondoka. Mtu hupakia mizigo chomboni na kuipakua ifikapo bandari. Hupakua pia wali kutoka chunguni. Kisarufi jozi hii ni safi, kwani yafuata ule mtindo wa Kibantu wa kulipindua tendo kwa kubadili tamati ya kitenzi: funga na fungua, bandika na bandua, pakia na pakua. Kwa hiyo mtu akipeleka picha yake mtandaoni ameipakia, na akichukua ya mwenzake kutoka huko ameipakua. Mwelekeo umekuwa wazi, na ndiyo maana maneno haya yalishika.

Siku tuliyofika somo hilo, mzee mmoja aliyefanya kazi katika bandari ya Kilindini kwa miaka mingi, kabla ya kuhamia kwa mwanawe, aliinua mkono. Akasema, ‘Mwalimu, samahani. Mimi nikishaipakua hiyo fomu, huyu mwenzangu wa kando atapata nini?’ Baadhi walicheka. Mzee hakuwa mjinga. Alikuwa anajua maana ya neno kuliko sisi. Meli ikishapakuliwa hubaki tupu. Sufuria ikipakuliwa, waliochelewa hulala njaa. Lakini katika kompyuta hakuna kiondokacho: kilichoko huko hubaki kama kilivyo, na kinachofika kwako ni nakala. Istilahi imebeba mwelekeo wa tendo ikaacha tabia yake.

Na kuacha huko kuna madhara. Mwanafunzi yuleyule anayeogopa kupakua fomu kwa kuhofia kuimaliza, atapakia picha ya kitambulisho chake akiamini kwamba akiiondoa imeondoka, kama gunia lishushwavyo melini. Haiondoki. Nakala zake zaweza kuwa zimekwisha kufika kusikojulikana. Tungalianza upya, ningalipendekeza jozi itokanayo na kunakili. Hatuwezi kuanza upya, kwa hiyo mwalimu hana budi kufundisha kupakua na kunakili katika somo moja, na kusema wazi kwamba kila kupakua ni kunakili.

Tamati hiyohiyo ya kupindua imezaa kitenzi ambacho wengi hawajapata kukisikia na ambacho hakimshindi mtu yeyote: kutendua. Mtu amefanya jambo katika maandishi yake, amejuta, anataka lirudi lilivyokuwa, basi analitendua. Nililiandika ubaoni bila maelezo, nikawauliza linaweza kuwa na maana gani, nao wakaniambia. Hakuna aliyekuwa amelikuta kabla ya siku ile. Ninaona hiki kuwa kipimo kizuri cha istilahi, kizuri kuliko kura za kamati.

Kukata, kunakili na kubandika hayana matata. Kuhifadhi nalo ni jema, ingawa vijana wataendelea kusevu.

Mtandao, wavuti na tovuti

Neno mtandao lina mzizi wa kutanda. Wingu hutanda, naye buibui hutanda nyuzi zake, ambazo kwa jina jingine huitwa tandabui. Kwa maana hiyo mtandao ni kitu kilichoenea kwa nyuzi zilizounganishwa, na kufikia hapo istilahi inastahili sifa. Tatizo ni kwamba tumelitwika neno hili mizigo mitatu au minne. Kompyuta mbili zilizounganishwa katika ofisi moja ni mtandao. Intaneti, ambayo mizizi yake ni mradi wa Marekani ulioanza kuunganisha kompyuta za vyuo mwaka 1969, ni mtandao. Zile kurasa tunazosoma, ambazo utaratibu wake ulibuniwa na Tim Berners-Lee huko CERN mwaka 1989, ni mtandao. Na simu isiposhika mawimbi, tunasema hakuna mtandao.

Kwa mazungumzo ya kila siku hili halidhuru. Katika kufundisha linadhuru, kwa sababu mwanafunzi hudhani kwamba ukurasa usipofunguka, simu ndiyo mbovu. Nafuu ni kuyapa maneno tuliyo nayo mipaka: mtandao liwe la muungano wowote, intaneti liwe la ule mtandao mkuu wa dunia, wavuti, neno linalomkumbusha msomaji wavu wa mvuvi, liwe la zile kurasa zote kwa ujumla, na tovuti liwe la mahali pa mwenyewe mmoja, kama vile tovuti ya chuo. Chombo cha kutembelea kurasa hizo ni kivinjari, kutoka kuvinjari, kwenda huku na huku kwa kuangalia. Barua pepe haina haja ya maelezo. Msomaji husikia ndani yake upepo na kupepea. Palikuwa na barua meme pia, yenye umeme ndani yake, ila hiyo ilishindwa.

Napenda kutaja jambo moja la sarufi ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Tukiongeza kiambishi -ni katika mtandao tunapata mtandaoni, nalo linaweza kuchukua upatanisho wa aina tatu za mahali: pana, kuna, na mna. Niliwaomba wanafunzi wangu watunge sentensi, nikakuta kwamba walisema kiwamboni pana picha, kompyutani mna barua zangu, na mtandaoni kuna wezi. Hawakufundishwa hivyo. Kiwambo ni uso, mahali mahususi paonekanapo, na kwa hiyo pa-. Kompyuta ni sanduku, kina ndani, na kwa hiyo m-. Mtandao hauna mahali. Umeenea, hauna mlango wala ukuta, na kwa hiyo ku-. Sarufi ya mababu, iliyotungwa kwa ajili ya nyumba, visima na nyika, imekipanga chombo hiki kipya kwa usahihi kuliko vitabu vingi vya maelezo. Yeyote atakayechunguza jambo hili kwa idadi kubwa ya wasemaji, wa Kenya na wa Tanzania, atakuwa ameifanyia idara yake kazi.

Nywila, au neno la siri

Nimeliacha hili nyuma kwa makusudi. Ili mtu afikie barua zake au huduma za serikali, hupaswa kuandika neno ambalo yeye peke yake ndiye alijuaye. Neno hilo tumelipa majina mawili. La kwanza ni nywila, ambalo limeenea katika maandishi rasmi na programu zilizotafsiriwa. La pili ni neno la siri, na mwenzake nambari ya siri, ambayo upande wa Tanzania ni namba ya siri.

Nywila ni fupi, na ufupi ni sifa. Linanyumbuka pia katika sentensi bila taabu. Lakini halijifafanui. Mtu alisikiapo kwa mara ya kwanza hana pa kulishikia. Neno la siri ni refu, ni maneno matatu, na mwanaistilahi wa kawaida atalikataa kwa sababu hiyo. Hata hivyo nilishuhudia jambo katika darasa langu. Nilipotumia nywila, wanafunzi waliiandika kwenye daftari, wakaitajiana kwa sauti, na mmoja akaniomba nimtunzie. Kwao ilikuwa kitu kimoja tu kati ya vitu vingi vyenye majina mageni. Nilipobadili nikasema neno la siri, daftari zilifunikwa. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba siri haitajwi. Alikuwa ameambiwa na jina.

Wenye shaka na waitazame huduma ya kutuma pesa kwa simu. M-Pesa ilianza nchini Kenya mwezi Machi mwaka 2007, na watu ambao hawakuwahi kugusa kompyuta walijifunza kwa muda mfupi kutuma, kutoa, kumtafuta wakala, na kuficha nambari ya siri. Maneno hayo hayakutungwa na kamati ya istilahi. Yalikuwako sokoni, yakapewa kazi mpya, na kosa la kuyaelewa vibaya lilimgharimu mtu fedha zake, basi aliyaelewa. Kinyume chake, kijana wa saiba niliyemtaja mwanzoni anazo nywila za wazee wengi mtaani. Simlaumu, maana ni wao waliompa, na wengi walimpa kwa kuwa fomu iliyo mbele yao haikuwaambia kwa lugha yao kwamba ni siri.

Nisije nikadhaniwa kuwabeza waliotangulia. Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili tangu menyu hadi maonyo yake, na baada ya hapo Microsoft ikatoa ya kwake kwa msaada wa wataalamu wa Afrika Mashariki. Mambo mengi mema tuliyoyataja yalipata kuenea kwa kazi za namna hiyo. Kasoro ilikuwa ya utaratibu: neno lilitungwa, likapigiwa kura, likachapishwa, na ndipo likapelekwa kwa mtumiaji. Ingegharimu kidogo tu kulipeleka kwake kabla ya kura, Jumamosi moja, na kumwuliza anafikiri lina maana gani.

Nafasi ya kufanya hivyo bado ipo, maana maneno mapya hayajakoma kuja. Katika somo la mwisho mwanafunzi mmoja kijana alitoa simu yake, akaiuliza swali kwa Kiswahili, nayo ikamjibu. Wakataka kujua jina la jambo hilo. Nikawaambia kwamba kwa sasa yapo matatu: akili bandia, akili unde na akili mnemba. La mwisho hawakulijua. Unde walilitambua kuwa ni la kuundwa, na kufikia saa ya kuondoka wengi walikuwa wakilitumia. Yule mama wa maparachichi alikataa, akasema yeye atashika akili bandia. Alieleza kwamba noti bandia aliwahi kuipokea, na tangu siku hiyo kila noti huinua juu kwenye mwanga kabla ya kuitia kibindoni.